Gogo wa Ndalat: Bibi aliyeingia darasani badala ya kitukuu wake

Karo ilikuwa imeshalipwa, na aliyelipiwa alikuwa ameacha shule. Alikuwa amepata mimba. Maneno yanayosemwa nyumbani siku kama hiyo hayahitaji kuelezwa. Mzazi mwenye binti ameyasikia, kama si kwake basi kwa jirani.

Katika nyumba hii kulikuwa na bibi mkongwe, na binti alikuwa kitukuu wake. Kwa simulizi ambayo bibi mwenyewe aliwapa waandishi wa habari miaka mingi baadaye, hakuanza kwa kugomba. Alimuuliza kwa utani kama kuna karo iliyobaki kule shuleni. Binti akasema ipo. Basi, bibi akamwambia, hiyo iliyobaki nitaitumia mimi, nitakwenda kusoma.

Alitumaini binti atabadili nia na kurudi darasani. Binti akakataa. Utani ukawa umemrudia aliyeutoa, naye hakuukimbia. Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka themanini na kitu, bibi akaenda shule.

Jina lake ni Priscilla Sitienei, wa kijiji cha Ndalat, kaunti ya Nandi, Kenya. Nyumbani na shuleni aliitwa Gogo. Msomaji wa pwani akilisikia neno hilo atafikiria gogo la mti, na wa Tanzania atauliza kama ni mtu wa Dodoma. Kwa Wakalenjin gogo ni bibi tu, na wanafunzi wenzake walimwita hivyo kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kumwita. Utamwitaje kwa jina lake tupu mtu aliyemzalisha mama yako, na kisha akakuzalisha wewe?

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Gogo alikuwa mkunga wa jadi kwa zaidi ya miaka 65. Baadhi ya watoto aliokaa nao darasani walikuwa wamepokewa duniani na mikono yake. Wakati mwingine, basi, mtoto aliyemshinda kwenye hesabu za kugawanya alikuwa mtoto ambaye Gogo alimwona kabla mama yake mzazi hajamwona.

Alizaliwa karibu mwaka 1923, Kenya ikiwa koloni la Uingereza. Ili kuelewa maana ya mwaka huo kwa mtoto wa kike wa Nandi, mtazame mtoto wa kiume wa rika lake. Daniel arap Moi, Mkalenjin pia, alizaliwa mwaka 1924. Alipitia shule ya serikali ya Kapsabet, hapo hapo Nandi, akawa mwalimu na baadaye rais wa nchi. Naye alikuwa mtoto wa familia ya kawaida ya wafugaji. Tofauti ni kwamba shule zilikuwa chache, na zile chache zilijengwa zikiwatazamia wavulana. Msichana alikuwa na shule yake, nayo ilikuwa jikoni, shambani, mtoni na zizini. Gogo alisema mara nyingi kwamba hakupewa nafasi ya kusoma alipokuwa mtoto. Alilisema jambo hilo bila kumlaumu mtu kwa jina, kama mtu anavyosema mwaka fulani mvua haikunyesha.

Kwa hiyo alijifunza kilichokuwepo. Ukunga wa jadi hauna cheti, lakini una mtihani, na mtihani wenyewe huja usiku. Mtu anabisha hodi, uchungu umeanza, mvua inanyesha, njia ni ya utelezi na hospitali iko mbali. Mkunga huamka. Huenda na anachokijua: namna ya kumpapasa mzazi tumboni na kujua mtoto amelala vipi, namna ya kumtuliza msichana anayezaa kwa mara ya kwanza, wakati wa kusubiri na wakati wa kuharakisha, kitovu, kondo la nyuma, uji wa moto. Halipwi mshahara. Hupewa alichonacho mwenye nyumba, na mwenye nyumba asipokuwa na kitu, mkunga hushukuru na kurudi kwake alfajiri kuwakamulia ng'ombe wake.

Ni haki kusema pia kwamba madaktari wana sababu nzito za kutaka wajawazito wajifungulie hospitali. Damu ikianza kumwagika bila kukatika, au kifafa cha mimba kikimkamata mzazi, mikono mizuri ya bibi haitoshi. Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya afya vya umma, na wakunga wa jadi wakazidi kuhimizwa wawasindikize wajawazito kliniki. Lakini miaka ile ya 1940, 1950, 1960, katika vijiji vingi hakukuwa na pa kumsindikizia mtu. Kulikuwa na Gogo na wenzake.

Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 65 hahitaji kusomewa takwimu za mimba za utotoni. Amewashika mikono wasichana wenyewe. Anajua mwili wa msichana wa miaka 14 unavyohangaika kwa kazi ambayo haujakomaa kuifanya. Anajua pia kinachofuata, kwa sababu mkunga wa kijiji hahami: anamwona yule yule msichana mwaka unaofuata akiwa na wa pili, na kijana aliyempa mimba akiwa hajulikani alipo. Mwaka 2015 alimweleza mwandishi mmoja wa kigeni habari za watoto anaowaona wakizurura bila baba na bila tumaini, akasema anataka wamwone yeye ili watamani kwenda shule. Kwa hiyo binti wa nyumbani kwake alipoacha masomo, Gogo hakuliona kuwa jambo geni. Pengine hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Shule aliyokwenda inaitwa Leaders Vision Preparatory, iko hapo Ndalat, na ni ya kulipia. Mwanzoni walimkataa. Si vigumu kumwelewa mwalimu mkuu yeyote anayefikiwa ofisini na bibi wa makamo ya bibi yake, mwenye fimbo, anayetaka kuandikishwa. Atakaa dawati gani? Atacheza na nani? Akianguka kwenye ngazi nani ataulizwa? Lakini Gogo hakuondoka na wazo lake, na walipoona kwamba hatanii wakampokea. Baadaye mwalimu mkuu huyo huyo alikiri hadharani kwamba anajivunia kuwa naye, na kwamba shule ilibadilika tangu aingie.

Hakuja kama mgeni wa heshima wa kukaa kwenye kiti cha mbele na kupigiwa makofi. Alivaa sare na sweta la shule. Alilala bwenini pamoja na wasichana. Alifanya hesabu, Kiingereza, michezo, ngoma, maigizo na kuimba, kila kilichokuwa kwenye ratiba. Macho na masikio yake yalikuwa ya umri wake, na kalamu ni kitu kigumu kwa vidole vilivyozoea jembe na kamba ya ng'ombe. Mzazi aliyewahi kukaa jioni na mtoto wa darasa la kwanza anayelia kwa sababu herufi haikai kwenye mstari ajaribu kufikiria kilio hicho kwa mtu wa miaka 87, ambaye hana ruhusa ya kulia kwa sababu darasa zima ni wajukuu zake.

Na wengine walikuwa wajukuu zake kweli. Mwaka 2015, wanafunzi sita wa shule hiyo walikuwa wa damu yake. Kiswahili kimejaliwa maneno kwa ajili ya familia kama hii: mjukuu, halafu kitukuu, halafu kilembwe. Watu wengi hujifunza neno kilembwe shuleni na hawapati nafasi ya kulitumia maisha yao yote. Gogo alikuwa akisoma na watoto wa namna hiyo.

Walimfanya kiranja. Wakati wa mapumziko alikaa nao chini ya miti karibu na uwanja, akawasimulia hadithi za zamani na desturi za kwao. Hapo mambo yaligeuka: darasani wao walimfundisha, chini ya mti yeye aliwafundisha. Mzazi wa leo aliyemwacha mtoto wake na simu kuanzia saa kumi jioni anaweza kuwaonea wivu watoto wale kidogo.

Akiulizwa kwa nini anasoma, hakuwa na jibu moja. Kuna siku alisema anataka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Kuna siku alisema anataka kuandika dawa za mitishamba na ujuzi wa ukunga, ili aliyojifunza kwa miaka 65 yasifukiwe naye. Mwaka 2022, akiwa na miaka 98, alisema angependa kuwa daktari, kwa kuwa aliwahi kuwa mkunga. Wengine wameona kwamba hadithi zake hazikubaliani. Lakini muulize mama yeyote kwa nini anauza mboga sokoni. Leo atasema ni karo, kesho atasema ni paa linalovuja, na siku zote mbili amesema kweli. Sababu ya kitukuu ndiyo aliyoirudia kwa wageni wengi, na shirika la UNESCO nalo liliipata kutoka kwake: kwanza kabisa alitaka wasichana waliokatiza masomo warudi.

Hiyo ya dawa inastahili kutazamwa kidogo. Bibi asiyejua kuandika ni maktaba isiyo na nakala. Mti huu kwa homa ya mtoto, ule usimpe kabisa mwenye mimba, mzizi huu uchimbwe msimu gani: yote yamo kichwani. Watoto wake wamekwenda Eldoret na Nairobi. Wajukuu wanakuja Desemba, wanapiga picha, wanaondoka. Gogo aliliona hilo likimjia, akaamua kwamba kama hakuna wa kumwandikia, ataandika mwenyewe. Wazo hilo linatisha kwa ukubwa wake: kuanza na herufi a ukiwa na karibu miaka 90, ili siku moja ufike kwenye jina la mti.

Kwa wale wanaofuatilia, hakuwa mkongwe wa kwanza wa Kenya kukaa darasani. Mwezi Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bure, Kimani Maruge aliandikishwa katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84, akaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Alihutubia Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 2005 na kufariki mwaka 2009. Maruge alipita mlango uliofunguliwa na serikali. Gogo alipita katika pengo lililoachwa na msichana, na pengine ndiyo maana habari yake inawagusa zaidi akina mama.

Maana milango ya serikali ipo. Kenya imekuwa na sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua arudi shule tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya wa kuiimarisha. Tanzania ilitangaza ruhusa kama hiyo Novemba 2021, baada ya miaka ya kukataza. Kwenye karatasi, binti wa Ndalat alikuwa na haki ya kurudi, na karo ilikuwepo. Hakurudi.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama, na kugomba hakuwasaidii. Sera haibebi mtoto mgongoni. Msichana anayerudi anahitaji mtu wa kubaki na kichanga saa za masomo, maziwa, sabuni, na moyo wa kuingia darasani ambamo wenzake wanajua kila kitu. Anahitaji mwalimu asiyemtania mbele ya wengine na baba asiyemkumbusha kila akiomba kalamu. Vijijini, ukimwona msichana aliyefanikiwa kurudi na kumaliza kidato cha nne, chungulia nyuma yake. Mara nyingi utamkuta bibi amekaa kwenye kigoda na mtoto wa mtu mapajani. Na hata hayo yote yakiwepo, msichana mwenyewe anaweza kusema hapana, naye ana umri ambao hapana yake haivunjwi kwa fimbo.

Gogo hakutumia fimbo. Alitumia mwili wake wa miaka themanini na kitu. Alikaa pale pale ambapo binti alipaswa kukaa, kila siku, mahali ambapo binti na kijiji kizima wangemwona. Kuna watakaosema huko ni kumsuta mtoto kwa njia ndefu. Inawezekana, mabibi wanajua kusuta. Lakini anayetaka tu kumsuta mtu huchoka baada ya wiki moja, na karo iliyobaki ya mwanafunzi mmoja haimfikishi mtu mbali. Yeye alikaa miaka 12.

Alipokutana na watoto wasiosoma aliwasimamisha na kuwauliza kwa nini hawako shuleni. Wakubwa kidogo walimjibu kwamba umri umewapita. Akawaambia kwamba yeye yuko shule, basi na wao waende. Jaribu kutafuta jibu la kumpa bibi wa miaka 90 aliyevaa sare. Halipo.

Habari zake zilisambaa. Mtengenezaji filamu wa Kifaransa, Pascal Plisson, ambaye kabla ya hapo alitengeneza filamu ya watoto wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule, alikuja Ndalat na kumpiga picha, na filamu yake, iliyopewa jina la "Gogo", ikaonyeshwa Ufaransa mwaka 2021. Ndani yake Gogo yumo darasani, yumo safarini na wanafunzi wenzake, na yumo katika jitihada za kupata bweni jipya la wasichana. Hilo la bweni ni la mtu anayejua anachokifanya. Msichana anayetembea njia ndefu asubuhi na jioni hukutana na mengi njiani, pikipiki za lifti na wenye soda za kununulia watoto wakiwemo. Mkunga anazijua njia hizo zinaishia wapi.

Umaarufu haukumtoa shuleni. Zipo picha zake za mwaka 2022 akiwa na sweta la kijani, daftari mbele yake, watoto wa miaka 11 na 12 kulia na kushoto. Hana tabasamu la kamera. Anaandika.

Kuhusu yule binti, magazeti hayakumtaja jina, na ni vyema hivyo. Yeye pia ana maisha yake, na mtoto wake leo ni mkubwa. Kinachojulikana ni kile alichokisema bibi yake: alimngoja arudi, akakataa. Gogo hakuwahi kudai kwamba mbinu yake ilimrudisha. Angeweza kudai, wageni wangependa sana kusikia hivyo, na filamu ingekuwa tamu zaidi. Alichosema ni kwamba alimwomba, akakataliwa, akaenda mwenyewe.

Novemba 2022 alikuwa darasa la sita na mitihani ilikuwa karibu. Alihudhuria masomo hadi kifua kilipoanza kumuuma. Kilimuuma kwa siku tatu. Jumatano, tarehe 16, alifariki dunia nyumbani kwake kwa utulivu, kama familia ilivyoeleza, akiwa na miaka 99.

Wanafunzi wenzake walikuwa na umri wa miaka 12 hivi, yaani wengi wao walizaliwa karibu na mwaka ule ule Gogo alipoanza shule. Waliendelea kujiandaa na mitihani bila yeye.